Waya wa Breki na Suala la Uasilia: Ala za Nyuzi katika Uhakiki wa Nyimbo za Jadi

Makala haya yamechochewa na uamuzi mmoja uliotolewa jukwaani. Miaka kadhaa iliyopita niliandamana na wanafunzi wa kidato cha pili kwenye mashindano fulani ya nyimbo za jadi. Tulikuwa na wimbo wa Kijaluo wa kumsifu mwenye boma, waimbaji kumi na wawili, na mvulana mmoja aliyepiga orutu aliyoiunda mwenyewe. Mwili wa ala ile ulikuwa mkebe wa rangi uliosafishwa, kwani ngozi ya kenge hatukuipata. Uzi wake ulikuwa waya mmoja uliochambuliwa kutoka kebo ya breki ya baiskeli. Uta wake ulikuwa wa kijiti kilichopindwa na nyuzi za mkonge.

Tuliimba vizuri, na hadhira ilishangilia. Mwamuzi aliposimama kutoa maoni yake alisifu sauti, akasifu mavazi, kisha akasema kuwa ala iliyotumika haikuwa ya kiasili, kwa sababu waya na mkebe havikuwepo enzi za mababu. Alama zikapunguzwa. Kilichonikera zaidi ni kwamba kikundi kilichotutangulia kilikuwa na nyatiti yenye nyuzi za nailoni, zile za kuvulia samaki, na hakikuambiwa lolote. Tulipokuwa garini tukirudi, yule mvulana aliniuliza, "Mwalimu, kwani nailoni ilikuwepo?"

Sikuwa na jibu la haraka. Naomba, mwalimu mwenzangu, nilitafute hapa, maana swali lile si la muziki pekee. Ni swali linalohusu jinsi tunavyoihakiki fasihi simulizi na jinsi tunavyoifundisha.

Tuanze na darasa. Tunapofundisha sifa za fasihi simulizi, huwaambia wanafunzi kuwa ni mali ya jamii, kwamba huwasilishwa kwa mdomo mbele ya hadhira, na kwamba hubadilika kulingana na wakati, mahali na fanani. Sifa hii ya mwisho mwanafunzi huikariri na kuiandika kwenye karatasi ya mtihani, naye hupata alama yake. Kisha anatoka darasani, anaibadilisha ala kulingana na wakati na mahali, anaadhibiwa. Ukinzani huu hatuna budi kuukabili. Aidha tuiondoe sifa ile katika orodha au tukubali inachosema.

Tazama pia namna vitabu vingi vya kiada vinavyoziweka ala. Baada ya aina za nyimbo (bembea, hodiya, nyiso, mbolezi na kadhalika) huja sentensi moja inayosema kuwa nyimbo huambatana na ala kama vile ngoma, kayamba, zeze na marimba. Ala huonekana kama mapambo, jambo ambalo wimbo unaweza kuwa nalo au kulikosa bila kubadilika. Mwanafunzi anayeulizwa umuhimu wa ala ataandika kwamba huongeza mdundo na huondoa uchovu. Si uongo. Lakini ni sawa na kusema kwamba umuhimu wa mizani katika shairi ni kulipendeza shairi.

Msamiati wetu wenyewe hautusaidii sana. Nyatiti ina nyuzi nane na fremu ya mikono miwili iliyounganishwa na mti wa kukingama. Orutu ina uzi mmoja unaosuguliwa kwa uta. Litungu la Wabukusu na obokano ya Wakisii (ile kubwa yenye sauti nzito inayotetemesha kifua) zinakaribiana na nyatiti lakini si nyatiti. Hata hivyo, katika tafsiri zetu za Kiswahili zote huitwa ama zeze ama kinubi, kulingana na neno lililomjia mfasiri kwanza. Zeze lenyewe ni jina la ala tofauti tofauti kutegemea uko wapi. Wagogo wa Tanzania wana zeze lao la kusugua kwa uta, ambalo marehemu Hukwe Zawose, aliyefariki mwaka wa 2003, alilipeleka hadi kwenye majukwaa ya ng'ambo pamoja na ilimba yake ya vyuma. Mimi napendekeza tuseme nyatiti, orutu, litungu na obokano, kama tunavyosema udi na gambusi bila kuomba radhi.

Sasa turejee kwenye chuma. Yeyote aliyewahi kumtazama mpigaji nyatiti anajua kuwa chuma kimo ndani ya ala hiyo tangu zamani, ila hakiko kwenye nyuzi. Kiko mguuni. Mpigaji huketi kwenye kigoda kifupi, ala imelala ubavu mbele yake, na kwenye kidole gumba cha mguu huvaa pete ya chuma iitwayo oduong'o. Kwa pete hiyo hugonga mkono wa chini wa fremu na kuweka mapigo. Mguuni pia hufungwa njuga za chuma, gara. Nyuzi nazo zilikuwa za kano za ng'ombe, kisha zikaja za nailoni, kwa sababu watu wanaoishi kando ya ziwa walikuwa na mishipi ya kuvulia mikononi mwao na nailoni haiozi wala haitaki kuchunwa kutoka kwa mnyama. Hakuna kikao kilichoitishwa kuidhinisha nailoni. Mpigaji mmoja alijaribu, sauti ikakubalika masikioni mwa wazee, basi.

Orutu imepitia njia iyo hiyo. Ala hii ina mwili mdogo wa mti uliochimbwa na kuwambwa ngozi, ufito unaopita ndani yake, na uzi mmoja. Haina ubao wa kubania uzi, hivyo vidole huugusa uzi ukiwa hewani. Uzi wa waya mwembamba una faida ambazo fundi yeyote atakuambia. Haulegei unyevu unapoingia jioni. Haukatiki upesi chini ya uta. Juu ya yote, una sauti kali inayopenya, inayosikika juu ya ngoma na vigelegele katika uwanja uliojaa watu. Baiskeli ilipoenea vijijini, waya huo ukawa umefika mlangoni. Kwa hivyo yule mvulana hakubuni uasi wowote. Alifanya kile ambacho wapigaji waliomtangulia walifanya, yaani alitazama kilichopo.

Je, jambo hili linamhusu vipi mhakiki wa fasihi? Nitaeleza kwa kosa nililolifanya mimi mwenyewe. Niliwahi kunukuu wimbo wa orutu kutoka kwenye kanda kwa ajili ya darasa. Nikaandika kila mshororo niliousikia, na pale ambapo mshororo ulirudiwa nikaandika tena. Ukurasa ulipojaa niliona mishororo mitano tu yenye maana tofauti, mingine yote ni marudio. Msichana mmoja wa kidato cha tatu aliusoma akasema wimbo huu una takriri nyingi kupita kiasi na unachosha. Nilimtetea fanani kwa sentensi za kawaida: takriri husisitiza ujumbe, takriri huleta mahadhi. Wala hakuridhika, na alikuwa na haki.

Nilipoisikiliza kanda upya niligundua kwamba nilikuwa nimeandika maneno ambayo hayakusemwa. Mara ya kwanza fanani aliuimba mshororo, na orutu ikamfuata sauti kwa sauti. Mara ya pili alinyamaza, uzi peke yake ukauimba mshororo ule, nami, kwa kuwa nilikuwa nimeshayasikia maneno, masikio yangu yaliyajaza. Mara ya tatu aliimba nusu ya mshororo, na nusu iliyobaki, ambayo ilikuwa na jina la mtu, akauachia waya. Hadhira ikacheka. Kicheko kile nilikuwa nimekiandika kama "(kicheko)" bila kujua kilitoka wapi.

Kwa istilahi zetu, ule ulikuwa mshata. Mshororo ulikatizwa na msikilizaji akaachiwa kuukamilisha. Lakini haukuwa mshata wa kinywa, maana jina lilisemwa na chuma bila kutamkwa na mtu. Fanani anaweza kumdhihaki tajiri aliyeketi mbele yake, na akiulizwa ataapa kuwa hakumtaja, naye atakuwa anasema kweli. Kijaluo ni lugha yenye toni, hivyo mfuatano wa sauti za juu na za chini unaopigwa na uzi unaweza kulikaribia umbo la jina kiasi cha kutambulika na wanaolijua. Takriri ambayo ukurasani ilionekana ya kuchosha, uwanjani ilikuwa ngazi ya kupandia hadi pale. Bila marudio mawili ya mwanzo, waya usingeeleweka katika la tatu.

Ninadai basi kwamba katika nyimbo za aina hii ala ni nafsi ya pili. Mhakiki anayeuliza nafsineni ni nani hana budi kuuliza ni nani anayesema maneno ambayo mwimbaji hayasemi. Unukuzi usioonyesha sauti ya uzi umepoteza nusu ya mazungumzo, nasi tukauhakiki unukuzi huo tukidhani tumeuhakiki wimbo.

Dai hili si geni kabisa. Katika miaka ya 1930 Milman Parry na mwanafunzi wake Albert Lord waliwarekodi waimbaji wa tendi wa Yugoslavia, waliojifuatilizia kwa gusle, ala inayofanana na orutu kwa kuwa na uzi mmoja na uta, ingawa uzi wake ni wa singa za farasi. Katika kitabu chake cha mwaka wa 1960, The Singer of Tales, Lord alieleza kuwa mwimbaji aliyeombwa kuitamka hadithi polepole ili iandikwe, bila ala yake, alitatizika kuitunga mishororo iliyokamilika. Mizani ilivunjika. Wengi wetu tulisoma kuhusu Lord chuoni kwa sababu ya fomula, tukazikariri fomula, tukaisahau gusle.

Kwenye nyatiti kuna mfano mwingine ambao kila mwalimu anayefundisha majigambo angefaa kuutumia. Katika pakruok, msikilizaji hutoa pesa na kumsimamisha mpigaji. Nyuzi hunyamaza. Aliyelipa hujisifu au humsifu mwenzake kwa mafumbo na majina ya kupanga, watu hushangilia, kisha nyuzi hurudi pale zilipoachia. Anayejigamba si mwimbaji bali ni hadhira, na kinachomfungulia na kumfungia nafasi ni uzi. Ukimya wa nyuzi ndio alama ya kufungua dondoo, na kurudi kwake ndiyo alama ya kufunga. Ukiinukuu pakruok bila kuonyesha mahali ala iliponyamaza, utapata maandishi ya watu wawili waliochanganyika, na mwanafunzi atamhesabu mwimbaji kuwa mwenye majivuno.

Hapa yafaa nikubali jambo ambalo watetezi wa waya hupenda kulikwepa. Waya haukuingia bure, ulidai bei yake. Nimewahi kusikiliza orutu yenye uzi wa mkonge ikipigwa ndani ya nyumba usiku. Sauti yake ilikuwa ya chini, yenye mikwaruzo, karibu na sauti ya mtu mwenye mafua, na mwimbaji aliweza kunong'ona juu yake. Alisimulia kisa kirefu kwa sauti ya mazungumzo. Juu ya waya hawezi. Waya una nguvu, na mwimbaji hulazimika kupandisha sauti na, kwa sikio langu, kufupisha vipande vyake ili apate pumzi. Masimulizi hupungua, sifa na miito huongezeka. Kwa hivyo mwamuzi wetu angesema kwamba waya umeubadilisha wimbo, ningemuunga mkono na tungekaa tukajadili umebadilisha nini. Lakini alisema waya umeufanya wimbo usiwe wa jadi, na hayo ni maneno mengine kabisa.

Kwani jadi ni nini? Mwaka wa 1950 Hugh Tracey, ambaye baadaye alianzisha ile maktaba ya kimataifa ya muziki wa Afrika iliyoko leo Makhanda, Afrika Kusini, alifika Kapkatet katika nchi ya Wakipsigis akiwa na mitambo yake ya kunasia sauti. Miongoni mwa nyimbo alizorekodi ni ule uitwao Chemirocha, ulioimbwa na wasichana wakifuatwa na ala ya nyuzi ya Wakipsigis. Jina hilo linasikika la Kikalenjin tupu. Asili yake ni Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani aliyekufa mwaka wa 1933, maarufu kwa gitaa lake na kwa mtindo wa kuipasua sauti kutoka nzito hadi nyembamba. Santuri zake zilifika Bonde la Ufa, watu wakasikia sauti ya mtu wasiyemwona ikitoka kwenye sanduku pamoja na nyuzi za chuma, wakamfanya kiumbe wa ajabu, nusu mtu na nusu swara.

Hebu tuuhakiki wimbo huo kwa kipimo cha mwamuzi. Jina ni la kigeni. Chanzo ni santuri. Umri wake, ulipoimbwa mbele ya Tracey, haukuzidi miaka ishirini na michache. Lakini hakuna anayeusikia leo akasema si wimbo wa jadi wa Wakipsigis, na kwa sababu nzuri. Wasichana wale hawakumwiga Rodgers. Walimchukua wakamtia katika utaratibu wao wenyewe wa kiitikio, ala yao na imani yao kuhusu viumbe wa porini. Gitaa la chuma halikuingia kwa mkono bali kwa sikio, likawa kisa ndani ya wimbo.

Kwingineko liliingia kwa mkono. Mwenda Jean Bosco wa Katanga, aliyerekodiwa na Tracey huyo huyo mwaka wa 1952, aliimba kwa Kiswahili cha kwao juu ya gitaa la nyuzi za chuma, na baadaye akafika Nairobi na kuwaachia wapigaji wa huku mengi ya kuiga. Katika miaka ya 1960 vijana wa Nyanza walizichukua mbinu za vidole vya nyatiti wakazihamishia kwenye gitaa la umeme, ikawa benga. Marehemu D.O. Misiani, aliyefariki mwaka wa 2006, hakuna aliyemwambia kwamba mafumbo yake si ya Kijaluo kwa kuwa gitaa lilitoka dukani. Nao Kenge Kenge wa Nairobi waliirudisha orutu jukwaani katikati ya benga yenyewe. Njia haikuwa ya kwenda tu. Kuna kurudi pia.

Najua pingamizi litakalotolewa. Nimelisikia chumba cha walimu zaidi ya mara moja: tukiukubali mkebe na waya leo, kesho wataleta kinanda cha umeme chenye ngoma zilizorekodiwa, na tutakosa pa kusimama. Hofu hii si ya kupuuzwa. Jibu langu ni kwamba tumesimama mahali pasipofaa tangu mwanzo. Tunapima kitu kwa malighafi yake badala ya kupima kazi inayoifanya katika wimbo. Ningemtaka mwamuzi aulize: je, ala inamfuata mwimbaji au mwimbaji anaifuata ala? Inaweza kusubiri hadhira inapoingilia? Mpigaji anaweza kuikatiza katikati ya mshororo, kuuachia uzi jina, kurudi? Mkebe wa rangi wenye waya wa breki unayaweza hayo yote. Mdundo uliorekodiwa hauwezi, kwa kuwa hausikii. Utaendelea hata mwenye boma akisimama na noti mkononi.

Kwa upande wa darasa, nimebadilisha mambo mawili, na ninayatoa kwa walimu wenzangu wayajaribu na kuyakosoa. La kwanza ni unukuzi. Wanafunzi wangu sasa huandika wimbo kwa safu mbili, moja ya kinywa na moja ya ala. Pale kinywa kinaponyamaza safu yake huachwa wazi, na katika safu ya ala huandikwa ni mshororo upi unaopigwa, kama wanautambua. Kazi ni ya polepole na kipindi kimoja hakitoshi. Lakini ile mishororo mitano na marudio yake, msichana aliyeilalamikia aliiandika upya kwa namna hii na akaikuta sehemu ya jina bila mimi kumwonyesha. Alicheka peke yake.

La pili ni kwamba kila mwaka kidato cha pili huunda angalau ala moja. Simaanishi mfano wa kutundika ukutani, bali ala inayolia. Wanapochagua uzi hulazimika kuamua: mkonge, nailoni au waya. Kisha wimbo ule ule huimbwa mara tatu, na kila mmoja huandika kilichobadilika katika maneno, mahali palipofupishwa, mahali palipopaziwa sauti, neno lililomezwa. Nimesoma insha za uhakiki zenye uhai kutokana na zoezi hili kuliko zile za "fafanua umuhimu wa ala", ingawa tahajia bado ni kilio.

Mvulana wa orutu alikwisha kumaliza shule. Kabla ya kuondoka aliniletea ala ile ofisini, imefungwa kwa gunia, akasema niiweke kwa ajili ya watakaokuja. Waya umekatika mara moja tangu wakati huo. Fundi wa baiskeli aliye karibu na lango la shule alinipa kipande cha kebo kuukuu, akaniuliza ninataka kukifanyia nini, na nilipomwambia alikichambua mwenyewe, akakivuta masikioni mwake, akakitupa, akatafuta kingine.